Intavyuu ya Bara: Wakikuuliza Kila Kitu Isipokuwa Kazi Yenyewe

Mkulima wa Matuga au Ganze akinunua mbegu ya mahindi kabla ya masika, huenda akarudi nyumbani na pakiti ya Pwani Hybrid, ile PH1 au PH4 iliyotengenezewa ukanda wetu wa joto. Mbegu hiyo ni ya Kenya Seed, kampuni iliyoanza mwaka 1956, na makao yake makuu hayako Mombasa wala Nairobi. Yako Kitale. Maelezo ya kupanda, nafasi kati ya shimo na shimo, mbolea kiasi gani, palizi lini, yote hayo hayakujiandika. Kuna mtu alikaa kitako akayaandika, na kama aliyaandika vibaya anayepata hasara ni mkulima, si yeye.

Hiyo ni kazi, na ina mshahara wake. Wenye matangazo huiita kwa jina la Kiingereza ambalo huwababaisha wengi. Mimi namwita mwandishi wa miongozo. Kazi yake ni kuchukua anachokijua mtaalamu na kukigeuza kiwe kitu ambacho mtu mwingine ataweza kukifanya kwa mikono yake, bila ya mtaalamu kusimama pembeni.

Vijana wetu waliosomea Kiswahili, mawasiliano au kompyuta wameanza kuziomba kazi hizi, na wengine huitwa hadi huko Kitale na Bungoma. Wakirudi, wengi hurudi wamenuna. Hawanuni kwa sababu ya kukosa kazi tu, kwani kukosa kila mtu amekuzoea. Wananuna kwa jinsi walivyoulizwa. Nataka leo nieleze kwa nini intavyuu hizi huudhi, na mtu afanye nini akiwa mle ndani ya chumba, kwa sababu nauli ya Mombasa hadi Kitale kwenda na kurudi si ya kuchezea.

Kwanza, kwa nini huko. Mtu wa pwani akisikia Bungoma hufikiria miwa na barabara ya Malaba. Lakini pale ndipo ilipoanzia One Acre Fund mwaka 2006, shirika linalowakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea na kuwafundisha kuzitumia. Shirika la namna hiyo haliwezi kwenda bila ya karatasi: mafunzo ya kupanda, maelezo ya mkopo, hatua za kulipa kwa simu. Kitale nako, mbali na Kenya Seed, kuna kituo cha utafiti wa mazao kilicho chini ya KALRO. Mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, H611, yalitoka katika utafiti wa Kitale na yakatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Ongeza maduka ya dawa za mimea, ambazo kwa kanuni za Kenya lebo zake zatakiwa ziwe kwa Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili chetu kina soko kule, na pengine zaidi kuliko hapa kwetu.

Tatizo ni kwamba wanaoajiri mara nyingi hawana picha moja ya mtu wanayemtafuta. Jopo huwa na watu watatu au wanne. Mmoja ni wa ofisi ya wafanyakazi, ana fomu yenye maswali yaleyale anayomwuliza mhasibu na dereva: jieleze, udhaifu wako ni upi, miaka mitano ijayo utakuwa wapi. Mwingine ni mtaalamu wa kilimo, anayeamini kwamba anayeijua kazi ya shamba ndiye atakayeweza kuiandika. Wa tatu ni wa kompyuta, naye ataka kujua kama waweza kutengeneza programu. Kila mmoja anaajiri mtu wake kichwani, na wote watatu wanazungumza na wewe. Ukijaribu kumridhisha kila mmoja kwa zamu, utatoka umeonekana hufai kwa wote.

Mpwa wangu yalimkuta haya Bungoma, katika kampuni ambayo jina lake nitalihifadhi. Aliitwa saa mbili asubuhi, akaingia saa nane mchana. Swali la kwanza: "Kwani Pwani kwenu mnalima nini, si nazi tu?" Wakacheka. La pili, kabila la mamake. La tatu, anajua lugha ngapi za kompyuta. Swali la uandishi halikuulizwa hata moja. Mwisho akapewa karatasi 14 za Kiingereza azifasiri usiku ule katika nyumba ya wageni, "tuone uwezo wako." Akakesha hadi saa tisa za usiku, akazituma. Hajajibiwa hadi leo, wala karatasi hajui zimekwenda wapi. "Mjomba," aliniambia, "bora wangenitukana moja kwa moja."

Mimi sidhani kwamba watu wale walikuwa wabaya wote. Nadhani wawili kati yao hawakujua waulize nini. Na hapo ndipo pana mlango wa kupitia.

Jopo lisilojua kuuliza haliwezi kukupima mpaka ulipe kitu cha kupimia. Kwa hiyo usingoje swali la kazi, lilete mwenyewe. Mapema, baada ya kujieleza kwa maneno machache, uliza kwa adabu: "Samahani, mwongozo ninaotarajiwa kuuandika utasomwa na nani, akiwa wapi, na atakuwa ameshika nini mkononi?" Ni swali dogo, lakini hubadilisha mazungumzo. Wa kilimo atasema, mkulima, yuko shambani, ameshika jembe. Wa kompyuta atasema, afisa wetu wa nyanjani, ameshika simu. Watatazamana. Sasa wanazungumza juu ya kazi, si juu yako.

Kisha toa karatasi. Nenda na kurasa tatu zilizochapishwa, si zaidi: maelezo mabaya upande mmoja, uliyoyatengeneza upande wa pili. Kwa mfano, sentensi kama hii juu ya dawa ya wadudu: "Ukishanyunyiza, usirudi shambani kabla ya saa kumi na mbili." Mwandishi alikuwa na maana ya muda, kwamba zipite saa 12. Lakini mkulima wa Kimilili aliyemaliza kunyunyiza saa kumi jioni ataelewa saa kumi na mbili ya magharibi, na baada ya saa mbili tu atawapeleka watoto wakachume mboga. Sentensi ni sahihi kwa sarufi, na yaweza kumdhuru mtu. Kiingereza hakina mtego huu kwa sababu kina neno moja la muda na jingine la kutaja wakati. Sisi "saa" hufanya kazi zote mbili. Sasa waonyeshe ulivyoitengeneza: "Ukimaliza kunyunyiza, usirudi shambani siku hiyo. Rudi kesho yake asubuhi." Hakuna saa ya kuhesabu, hakuna wa kukosea.

Mfano kama huo humnyamazisha hata yule wa nazi.

Wa kilimo mpe hesabu. Mara nyingi utakuta maelezo yanayosema mambo mawili yasiyokubaliana: panda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, tia kizibo kimoja cha soda cha mbolea kila shimo, na tumia mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Kaa upige hesabu. Ekari ni mita za mraba 4,047, na kila shimo linachukua sehemu ya 0.1875 ya mita ya mraba. Hayo ni mashimo zaidi ya 21,500. Kizibo kikijaa hubeba kama gramu 5 au 6. Hata ukichukua 5, wahitaji kilo 107, mifuko miwili na zaidi. Mkulima aliyekopa mfuko mmoja atafika shimo la 10,000 mbolea imekwisha, na nusu ya shamba haijaguswa. Atalaumu mbegu au atalaumu shirika. Hukuwa mkulima, lakini umeisoma karatasi kama atakavyoisoma mwenye kuifuata, na hiyo ndiyo kazi wanayotaka kuilipia. Wewe husemi gramu ngapi ni sahihi, hiyo si kazi yako. Wasema tu: hizi tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, niambieni ipi ibadilike.

Wa kompyuta mjibu kwa ukweli. Kama hujui kuandika programu, sema hujui, na uendelee hapo hapo: "Lakini najua kumhoji aliyeiandika, na najua kuandika hatua za kuitumia." Ukitaka, chukua simu yako na umwambie utamwandikia sasa hivi hatua za mkulima kulipa mkopo kwa M-Pesa, pamoja na afanye nini akikosea nambari. Hilo la kukosea ndilo watu wengi hulisahau, na ndilo litakalowapigisha wakulima simu ofisini siku nzima.

Niseme neno kwa sisi wa pwani wenyewe, maana tuna mtego wetu. Twaingia chumbani tukiamini kwamba Kiswahili ni chetu na wale wa bara wanakibabaisha. Ukienda na fikira hiyo, utaanguka kwa haki. Mkulima wa Bungoma nyumbani huenda azungumza Kibukusu, na Kiswahili chake ni cha soko, cha shule na cha redio. Ukimwandikia "pishi mbili" atakuangalia. Kwake nafaka hupimwa kwa gorogoro. Ukimwambia apande tena wakati wa vuli kama tufanyavyo huku, atajua hukuwahi kufika kwake, kwa sababu Trans Nzoia mahindi makubwa ni ya msimu mmoja mrefu: hupandwa Machi au Aprili, na jamii ya H614 hukaa shambani miezi sita na zaidi. Pwani Hybrid yetu ni miezi mitatu hadi minne. Kabla ya intavyuu, shuka matatu siku moja mapema, ingia dukani kwa muuza mbegu, usome pakiti, uulize wateja wanaita nini hiki na kile. Saa moja ya duka la Kitale yashinda wiki ya intaneti. Na ukifika kwa jopo useme wazi: "Neno hili kwetu ni hivi, huku nimesikia ni vile, nitatumia la huku."

Tena beba sweta. Kitale iko juu, asubuhi yake si ya Mvita, na mtu anayetetemeka huonekana kama mwoga.

Nirudi kwa yale yaudhiyo kweli.

Kazi ya bure. Mtihani ni haki yao. Mtu hawezi kuajiri mwandishi bila ya kuona maandishi. Lakini kuna mtihani na kuna kutumikishwa. Ukurasa mmoja, saa moja, palepale ofisini, huo ni mtihani. Kurasa 14 za mwongozo ambao kesho utachapishwa ni kazi, na kazi ina bei. Usikatae kwa hasira. Sema: "Nitawafanyia ukurasa mmoja mnaouchagua nyinyi, muuone. Zilizobaki naweza kuzifanya kwa malipo, hata kama sitapata nafasi hii." Anayetaka kukupima atakubali. Anayetaka kazi ya bure atanuna, na umemjua. Chini ya ukurasa andika kwamba ni sampuli ya mtihani wa kazi, haki ni ya mwandishi, isitumiwe bila makubaliano. Usilidharau hilo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inahesabu kazi iliyoagizwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Ukikaa kimya, hutakuwa na la kusema baadaye.

Kabila, dini, ndoa na mimba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, lugha, dini, asili ya mtu, ulemavu, ujauzito na mengineyo, na inataja wazi kuanzia wakati wa kuajiri, si baada ya kuingia tu. Tena kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hayo uyajue. Lakini ushauri wangu, na najua wako watakaonipinga, ni kwamba usimsomee mtu kifungu ndani ya chumba. Mara ya kwanza geuza: "Mamangu ni mtu wa Kilifi, na kama swali ni kama nitaweza kuishi huku na kuelewana na wakulima, jibu ni ndiyo, na nimeanza jana sokoni." Wakirudia mara ya pili, uliza kwa upole jambo hilo lahusiana vipi na kazi. Wakirudia mara ya tatu, umeshapata jibu la kama unataka kukaa nao miaka. Ukitoka nje tu, kabla ya kupanda matatu, andika tarehe, saa, waliokuwepo kwa vyeo vyao, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Ukumbukayo leo si utakayoyakumbuka mwezi ujao.

Kwa kazi za serikali za kaunti, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inataka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Yaani mtu wa Likoni akiomba kazi ya kuandika miongozo ya kilimo Bungoma si mvamizi. Sheria imemwekea kiti. (Na sisi tukumbuke kwamba sheria hiyo hiyo yafanya kazi Kwale na Kilifi, mtu wa Webuye akija.)

Vyeti na pesa. Zamani ulibeba cheti cha polisi cha tabia njema, cha KRA, cha HELB, cha EACC na cha ofisi za mikopo, gharama juu ya gharama, kwa ajili ya kuomba tu. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yameondoa hilo: mwajiri hatakiwi kukudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kuandikiana mkataba nawe. Na anayekuomba pesa kwa simu, iwe ya fomu, ya daktari au ya "kuharakisha faili," huyo hana kazi ya kukupa. Funga simu.

Kungojeshwa. Saa sita za benchi humtoa mtu akili kabla hajaulizwa chochote. Ukifika, mwambie aliye mapokezi kwa upole kwamba umetoka Mombasa na basi lako la kurudi ni saa fulani, na umuulize uko wa ngapi. Ukihitaji kutoka kwa sala ya adhuhuri, omba mapema, usitoweke. Misikiti ipo Kitale na Bungoma, na sijasikia mtu aliyekataliwa kwa kuomba dakika ishirini. Bora zaidi ni kuyamaliza haya kabla ya safari. Ukipokea mwito, jibu kwa barua pepe ukiuliza mambo matatu: jopo lina watu gani, kutakuwa na mtihani wa aina gani, na kama duru ya kwanza yaweza kufanywa kwa simu ya video. Wengine watakataa. Lakini ofisi isiyoweza kujibu hata moja kati ya hayo imekupa habari, na una nauli yako bado mfukoni.

Mshahara watakuuliza kwa ghafla, mwishoni, wakishakuchosha. Uwe na kiwango chako umekihesabu nyumbani, na kodi ya chumba cha Kitale umeiuliza kwa mtu anayeishi huko.

Baada ya hapo, tuma ujumbe mfupi kesho yake. Usiwasifu. Wakumbushe kitu kimoja kilichoonekana, kama ile hesabu ya vizibo, na uulize jibu litatoka lini. Kimya kikizidi wiki mbili, uliza mara moja tena kisha uendelee na maombi mengine. Lakini kama ni shirika la umma, kimya si haki yao. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kujibu ombi lililoandikwa. Waweza kuuliza alama zako na vigezo vilivyotumika. Wasipojibu, lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo ofisi ya Ombudsman. Na uamuzi wa bodi ya utumishi wa kaunti hukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Barua ya kuomba alama haizidi nusu ukurasa: jina, nambari ya tangazo, tarehe ya intavyuu, unachotaka kujua. Weka nakala moja, na ukiipeleka kwa mkono hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa tarehe.